Karl Landsteiner, Mkatoliki aliyeyatambua makundi ya damu

Tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, ni siku aliyozaliwa daktari Karl Landsteiner, nchini Austria, mwaka 1868. Alizaliwa katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, mwandishi wa habari, alifariki Karl akiwa na umri wa miaka sita, akalelewa na mama. Mwaka 1890 alipokelewa katika Kanisa Katoliki, na mwaka uliofuata akahitimu udaktari Vienna.

Enzi hizo kumwongezea mgonjwa damu kulikuwa kama kupiga kura juu ya uhai wake. Huyu alipona, mwingine alitetemeka kwa homa, mkojo ukawa mweusi, akafa. Landsteiner hakuanza na wagonjwa. Alichukua damu yake na ya wenzake kazini, akaichanganya tone kwa tone, akaona kwamba damu za watu fulani zilipokutana chembe zake zilishikamana mabonge, na za wengine hazikushikamana. Mwaka 1901 alitangaza makundi matatu. La nne, AB, liligunduliwa na wenzake mwaka 1902. Tangu hapo iliwezekana kujua kabla ni damu ya nani imfae nani, hata kama hawana udugu wowote.

Jambo hilo latugusa sisi wa Kinondoni. Mama anapotokwa damu nyingi baada ya kujifungua, iwe Mwananyamala au hospitali nyingine, mtaalamu wa maabara hupima kwanza kundi lake, kisha huipatanisha damu yake na ya mchangiaji. Msingi wake ni kazi ile ya Vienna. Lakini kipimo hakina maana kama jokofu ni tupu, na ndugu wakaanza kutafuta wachangiaji usiku. Ndiyo maana Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanza mwaka 2004, huwaendea watu shuleni, kazini na kwenye nyumba za ibada, wachangie bila malipo. Damu haitengenezwi kiwandani, na ikihifadhiwa hudumu wiki tano hivi. Mwanamume mwenye afya aweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke miezi minne.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, umaskini ulimtoa Landsteiner Vienna. Kwa miaka kadhaa alifanya kazi za kawaida za maabara katika hospitali ndogo ya Kikatoliki mjini The Hague, Uholanzi. Ajabu, kwa mtu wa kiwango chake. Kisha akahamia New York. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1930, karibu miaka thelathini baada ya ugunduzi wenyewe. Alikuwa mkimya, asiyependa maisha yake yaandikwe.

Mwaka 1940, akiwa na mwenzake Alexander Wiener, alitangaza sifa ya damu iitwayo Rhesus, iliyosaidia kueleza kwa nini baadhi ya akina mama walipoteza watoto mimba baada ya mimba. Juni 1943 moyo ulimshika akiwa maabara, kazini. Alifariki siku mbili baadaye, tarehe 26.