Mekatilili, Mpasha Habari Asiye na Waya

Mwalimu anapofundisha habari za mashirika ya habari huanza London na Paris, akaja Nairobi mwaka wa 1963 lilipoanzishwa Shirika la Habari la Kenya, kisha akamalizia Dakar, ambako PANA, shirika la nchi za Afrika, lilianza kazi mwaka wa 1983. Sina ugomvi na mpango huo. Lakini ndugu zangu walimu, hapa kwetu, kati ya Kilifi na Malindi, yuko mtu ambaye hamumtaji katika somo hilo, ilhali alistahili kutangulia.

Jina lake la utotoni lilikuwa Mnyazi wa Menza. Alipozaa mwana akamwita Katilili, naye akawa Mekatilili. Wazee husimulia kwamba nduguye alichukuliwa na wafanyabiashara ya watumwa, asionekane tena. Huenda ndipo alipojifunza jinsi watu wanavyoweza kutoweka bila ya habari zao kumfikia yeyote.

Mwaka wa 1913 Serikali ya Kiingereza iliwataka Wagiriama walipe kodi ya nyumba na kutoa vijana wakafanye kazi katika mashamba ya wageni. Afisa aliyetumwa kulisimamia jambo hilo aliitwa Arthur Champion. Yeye alikuwa na karatasi, matarishi na machifu wa kuteuliwa, na waya wa simu ulikwisha kupita pwani. Mekatilili alikuwa na kifudu, ngoma ya matanga. Aliicheza kijiji hata kijiji, na kila alipopita watu walikusanyika. Wakishakusanyika, aliwapa habari: nini kinatakwa, nani amekubali, nani amekataa. Mjane huyu alinena mbele ya wanaume katika jamii ambayo mwanamke hakuzoea kunena barazani. Husimuliwa hata leo kwamba alimletea Champion kuku na vifaranga, akamwambia ajaribu kumnyang'anya mama mtoto wake aone.

Huko Kaya Fungo watu wakala viapo, wanawake mukushekushe na wanaume fisi. Kazi ya Champion ikasimama. Machifu wakaogopa kutii amri, kodi haikulipwa, vijana hawakutoka. Naona Serikali ilielewa upesi kuliko sisi ni wapi palipokuwa na nguvu, kwa maana kabla ya mwaka kwisha ilimkamata mama huyu pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, ikawapeleka Kisii, upande wa pili wa nchi. Kumnyamazisha mpasha habari, humwondoi ulimi. Humwondoa miongoni mwa wasikilizaji wake.

Januari 1914 wakatoroka. Walirudi kwa miguu, mamia ya kilomita, kupitia nchi za watu wasiojua lugha yao. Natamani tungejua walikula nini njiani, na nani aliwaficha.

Tarehe 4 Agosti 1914 Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti. Mwanafunzi na aitazame tarehe hiyo vizuri: ndiyo siku Uingereza ilipoingia vitani na Ujerumani. Waya za dunia zilijaa habari ya Ulaya. Habari ya Kaya ilitembea kwa midomo tu, na ilitosha kuwasha vita vya Wagiriama. Vijiji vikachomwa, watu wakauawa, na Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000. Mekatilili alikamatwa tena, akarejea kwao mwaka wa 1919.

Taarifa zilizoandikwa wakati ule ziliandikwa na maafisa, na humo ameitwa mchawi. Kwa miaka mingi mtafiti aliyetaka kumjua alianzia kwenye majalada hayo, kwa kuwa ndiyo yaliyohifadhiwa. Waliosikia kwa masikio yao walikuwa wakifariki mmoja mmoja. Yeye mwenyewe alifariki katika miaka ya 1920, akazikwa Bungale, huko Magarini, kaskazini ya Malindi.