Steve McQueen: Jamaa wa Hollywood aliyefanya dinga za mbio ziwe swag, na vile zilivyomgharimu

Ukipita Gikomba au Toi siku hizi utaziona tu: jaketi za mtumba za mbio za magari, zimejaa nembo za mafuta, matairi na plagi kila mahali. Watu wanazigombania hata kama mbio pekee wanazojua ni Safari Rally ya Naivasha. Sasa msee, hiyo staili si ya juzi. Ukiifuata nyuma, hutaenda mbali kabla ya kukutana na Steve McQueen, staa wa filamu aliyeaga mwaka 1980. Vitu vyake leo viko makavazi, na vingine vinauzwa kwa mnada kwa doh ambayo wewe na mimi tutaisoma tu kwa simu.

Kabla hatujaendelea, tumalize hii: Lightning McQueen wa filamu ya Cars hakuitwa hivyo kwa sababu yake. Jina lilitoka kwa Glenn McQueen, mchoraji wa katuni wa Pixar aliyefariki 2002. Sawa? Twende.

Steve alizaliwa 24 Machi 1930 kule Beech Grove, jimbo la Indiana, Marekani. Buda yake alihepa mapema. Mathe naye hakuwa ametulia, kwa hivyo kijana alilelewa sana na mjomba wa mathe yake kwenye shamba huko Slater, Missouri. Sikio moja lilikuwa na shida na kusoma kulimsumbua. Kila akirudishwa kwa mathe alikuta baba wa kambo na kichapo, akaingia magenge ya mtaa, na mwishowe akapelekwa Boys Republic, shule ya kurekebisha vijana watundu huko Chino, California. Hiyo shule hakuisahau. Alipokuwa staa alikuwa na tabia ya kudai kampuni za filamu zimpe marundo ya jinzi na nyembe za kunyolea. Watu walimwona mchoyo, kumbe alikuwa anazipeleka kwa hao vijana.

1947 akajiunga na Marines. Hapo kwa jeshi pashike, tutaparudia.

Alipotoka akaenda New York kusomea uigizaji. Doh hakuna, kwa hivyo wikendi alikuwa anashindana kwa pikipiki huko Long Island City na kurudi keja na zawadi ya pesa. Elewa hapo: mbio hazikuwa hobi ya tajiri aliyechoka na maisha. Zilikuwa unga, tena kabla hajajulikana na mtu.

1958 akapata nafasi kubwa kwenye kipindi cha televisheni cha Wanted: Dead or Alive. Mwaka huo huo akanunua ndai ambayo nadhani ndiyo inaeleza maisha yake yote: Jaguar XKSS. Hii si Jaguar ya mubunge. Jaguar walikuwa na gari la mbio, D-Type, lililoshinda Le Mans 1955, 1956 na 1957. Magari yaliyobaki bila mnunuzi wakayawekea kioo cha mbele, mlango wa abiria na vitu vidogo vidogo ili yaweze kupita barabarani. Walipanga kuunda 25. Februari 1957 kiwanda chao cha Browns Lane, Coventry, kikashika moto, magari 9 yakaungua. Yaliyotoka ni 16 tu duniani.

Steve alilipa dola 5,000, akalipaka kijani na kulibandika jina la Green Rat, yaani panya wa kijani. Usiku alikuwa anakimbiza hiyo kitu kwenye milima ya Hollywood hadi makarao wakamzoea. Leseni yake ilikuwa inaning'inia kwa uzi.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaliachilia kwa William Harrah, tajiri wa Nevada aliyekuwa na makavazi yake ya magari. Halafu majuto yakaanza. Fikiria gari lako mwenyewe likiwa makavazi ya mtu, limesimama tu. Ilimchukua hadi 1977 kulirudisha, na hakuliachilia tena mpaka kifo.

1977 hiyo hiyo alijaribu kurudisha ndai ingine, akagonga mwamba. Unaijua Bullitt, filamu ya 1968? Ile ya Ford Mustang ya kijani ikikimbizana na Dodge Charger kwenye vilima vya San Francisco karibu dakika 11. Moja ya Mustang hizo ilikuwa imenunuliwa 1974 na familia ya kawaida kwa dola 6,000, na mathe wa hiyo nyumba alikuwa anaiendesha kwenda kazini. Steve akawaandikia barua akiomba wamuuzie. Wakakataa. Staa mkubwa hivyo, na hakuipata! Gari likakaa kimya kwa familia hadi 2018, likajitokeza Detroit siku Ford walipozindua toleo jipya la Mustang Bullitt lenye kijani kile kile. Januari 2020 likauzwa kwa mnada kwa dola milioni 3.74.

Lakini si gari lililommaliza Steve. Ni filamu.

Machi 1970 aliingia mbio za saa 12 za Sebring, Florida, mguu wa kushoto ukiwa kwenye plasta baada ya kuumia kwa pikipiki. Yeye na Peter Revson, wakiwa na Porsche 908 ndogo, walimaliza wa pili nyuma ya Ferrari ya Mario Andretti, chini ya nusu dakika. Tuseme ukweli, Revson ndiye aliyeendesha saa nyingi zaidi. Hata hivyo, muigizaji mwenye plasta kumaliza wa pili Sebring si mchezo.

Baada ya hapo akaona hakuna kinachomshinda. Alitaka kuingia mbio halisi za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, Juni 1970, pamoja na bingwa Jackie Stewart, huku akitengeneza filamu ya mbio hizo hizo. Waliotoa pesa na watu wa bima wakakataa kabisa. Kampuni yake, Solar Productions, ikaingiza Porsche 908 iliyofungwa kamera, ikiendeshwa na madereva wengine. Hiyo ndai ilifika mwisho, lakini kwa kusimama mara kwa mara kubadilisha mikanda ya filamu haikuhesabiwa kwenye matokeo.

Halafu shida zikamwagika. Walianza kurekodi bila hadithi iliyokamilika. Steve alitaka magari yaongee. John Sturges, mwelekezi aliyemfanya staa kwa The Great Escape, alitaka stori ya watu. Sturges akachoka, akaondoka. Wenye pesa wakasimamisha kazi, na ili filamu iendelee Steve akakubali kuachilia mshahara wake na sehemu yake ya faida. Dereva David Piper alipata ajali mbele ya kamera na akakatwa sehemu ya mguu. Ndoa yake na Neile, mama ya watoto wake wawili, ikavunjika pale pale. Talaka ilikuja 1972. Filamu ilitoka 1971, na Marekani haikubamba.

Sasa angalia kilichobaki. Kwenye hiyo filamu alivaa suti nyeupe kwa kumuiga dereva Mswisi Jo Siffert, aliyekuwa na nembo ya Heuer kifuani. Basi wakampa na saa ya Heuer ya kuendana nayo: Monaco, ile ya mraba yenye uso wa buluu. Wakati huo Monaco haikuwa na soko, na baada ya miaka michache Heuer wakaacha kuitengeneza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaifufua, wakamweka Steve kwenye matangazo, na hadi leo inauzwa. Moja aliyoivaa kwenye filamu, aliyompa fundi wake, ilienda kwa dola milioni 2.2 mwaka 2020. Suti iliuzwa 2011 kwa karibu dola milioni 1. Rangi za Gulf, ile buluu hafifu na chungwa, zilirudi hadi kwa Formula 1: McLaren walizipaka magari yao Monaco 2021.

Na ile hadithi ya jeshi? 1979 aligundulika ana mesothelioma, saratani inayohusishwa na asibestosi. Alishuku suti na helmeti za mbio za zamani, zilizotumia asibestosi kuzuia moto. Ila aliona chanzo zaidi ni kazi aliyopewa akiwa Marines, ya kubandua asibestosi kwenye mabomba ya meli. Alifariki Ciudad Juárez, Mexico, 7 Novemba 1980, baada ya upasuaji. Miaka 50 tu.

Green Rat sasa iko Petersen Automotive Museum, Los Angeles. Mwaka 2016 Jaguar waliamua kuunda upya zile XKSS 9 zilizoteketea, kila moja kwa zaidi ya pauni milioni 1. Ya kwanza, ya kijani pia, waliizindulia kwenye makavazi hayo hayo.