Bobby Benson alirudi nyumbani mara mbili

Kijana mmoja niliyemfundisha hadi kidato cha nne alinijia wiki iliyopita kuniaga. Amepata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea muziki, na azma yake, alivyonieleza huku macho yakimng'aa, ni kurejea baada ya miaka michache kuufufua muziki wetu wa dansi, ambao kwa maoni yake ulikwisha kufa zamani. Nilimpongeza, kisha nikamsimulia habari za Bobby Benson wa Nigeria. Hakuwahi kulisikia jina hilo, wala walimu wenzangu wawili waliokuwepo hawakulijua. Kwa hiyo nimeona si vibaya niyarudie masimulizi hayo hapa.

Bernard Olabinjo Benson alizaliwa Ikorodu, si mbali na mji wa Lagos, tarehe 11 Aprili 1922. Alipomaliza shule hakuuelekea muziki. Alijifunza ushonaji, akapigana ndondi kwa kipindi kifupi, hatimaye akawa baharia katika meli za biashara. Mwaka 1944, vita vikuu vikiwa bado vinaendelea, aliteremka melini London na asirudi tena chomboni. Huko ndiko alikopanda jukwaani, akiwa na kundi lililojulikana kwa jina la Negro Ballet, na pamoja nalo akaizuru baadhi ya miji mikuu ya Ulaya. Huko pia ndiko alikokutana na Cassandra, mchezaji dansi mwenye asili ya Scotland na visiwa vya Karibi, akamwoa.

Mume na mke waliwasili Lagos mwaka 1947. Ni vyema msomaji aufahamu mji walioingia. Mapema mwaka huo huo, hoteli moja ya Wazungu mjini humo, Bristol, ilikuwa imemnyima chumba Ivor Cummings, ofisa wa Wizara ya Makoloni aliyetumwa kutoka London, ilipotambua kwamba baba yake alikuwa Mwafrika. Wananchi walighadhibika wakafanya fujo, na serikali ya kikoloni ikalazimika kuupinga hadharani ubaguzi wa namna hiyo. Katika mji kama huo, kumbi za dansi za kifahari zilikuwa za wakubwa, na bendi zilizoalikwa humo zilipiga mitindo ya Kizungu kwa adabu kubwa na uhai mdogo.

Benson na mkewe waliunda kwanza kundi la maonyesho: yeye akipiga gitaa na saksafoni, Cassandra akicheza dansi. Punde si punde likazaliwa Bobby Benson Jam Session Orchestra, bendi ya watu kumi na mmoja. Huyu ni miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kulitia gitaa la umeme katika muziki wa Nigeria. Walipiga swing ya Marekani, samba na kalipso, na vijana wa Lagos walimiminika kuwatazama. Alikuwa pia mchekeshaji na mtumbuizaji hodari, aliyejua kwamba aliyelipa kiingilio anataka kufurahisha macho na masikio pia.

Wanaoyasimulia maisha yake kwa haraka hukomea hapo: baharia kaenda, kaona, karudi, kaufufua muziki. Mimi siafikiani nao. Kwa maoni yangu, mwaka 1947 kilichorudi kilikuwa kiwiliwili tu. Muziki wake ulikuwa ungali London, na waliomshangilia walikuwa wakiushangilia ugeni.

Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1950, alipoingia Nigeria E.T. Mensah na bendi yake ya Tempos kutoka Gold Coast, nchi tunayoiita Ghana leo. Mensah alikuwa mtaalamu wa dawa aliyegeuka kuwa mpiga tarumbeta. Muziki wake, highlife, ulikuwa umechanganya matarumbeta ya bendi za kijeshi, gitaa la mabaharia wa pwani na midundo ya wenyeji, na uliimbwa kwa lugha ambazo mama mwuza samaki sokoni alizielewa. Lagos ilirukwa na akili.

Hebu mtafakari Benson wakati huo. Alikuwa mtu aliyeiona Ulaya, mwenye vyombo vizuri na jina kubwa. Angeweza kuubeza muziki huo kuwa wa washamba, kama wanavyofanya baadhi ya wasomi wetu wakirudi na shahada zao. Badala yake aliketi akajifunza. Nidhamu ya bendi kubwa aliyoileta kutoka ng'ambo hakuitupa, bali aliipa kazi mpya. Ndipo ulipotoka wimbo wake mashuhuri kuliko zote, Taxi Driver, ulioimbwa kwa Kiingereza cha mitaani kuhusu dereva wa teksi, mtu ambaye kila mkazi wa mji alimjua. Wimbo wake mwingine, Niger Mambo, ulivuka bahari: mpiga piano Mmarekani Randy Weston aliurekodi mwaka 1963.

Bendi ile iligeuka chuo. Wapiga tarumbeta Victor Olaiya, Eddie Okonta na Zeal Onyia walipitia mikononi mwake, kisha kila mmoja akajijengea jina lake. Benson alifungua pia klabu yake, Caban Bamboo, ambayo baadaye iligeuzwa kuwa Hotel Bobby. Kumbukeni Bristol: sasa mwanamuziki Mwafrika alikuwa ndiye mwenye hoteli.

Lakini kisa kinachonivutia kuliko vyote ni cha mwaka 1960. Nigeria ilikuwa ikijiandaa kupata uhuru tarehe 1 Oktoba, na bendi iliyotakiwa kuipamba dansi ya uhuru ilikuwa ya Edmundo Ros, mzaliwa wa Trinidad aliyekuwa nyota wa kumbi za London. Chama cha wanamuziki wa Nigeria, kilichoongozwa na Benson, kiliandamana Lagos kupinga, na Waziri Mkuu Abubakar Tafawa Balewa akakubali wenyeji wapewe nafasi. Mtu aliyeshuka melini na muziki wa London miaka kumi na mitatu nyuma ndiye aliyekuwa mbele kuukatalia usiku ule. Huko, kwangu mimi, ndiko kurudi kwake kwa pili.

Yaliyofuata nitayapita upesi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1967 hadi 1970, viliwatawanya wanamuziki wengi wa mashariki waliokuwa nguzo ya highlife mjini Lagos, na juju ikatwaa kumbi. Benson alifariki Lagos tarehe 14 Mei 1983, akiwa na umri wa miaka 61.

Kijana wangu alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, kwa heshima lakini kwa ukaidi, ni nani hapa kwetu angeweza kuwa E.T. Mensah wake. Nilimtajia mzee mmoja aliyepiga gitaa katika bendi za Nairobi miaka ya 1970, ambaye sasa ana duka dogo la kutengeneza redio kituo kimoja cha matatu kutoka kwao. Kumbe hupita mlangoni pake kila siku. Safari yake ni mwezi ujao.