Mwili Unapolemewa: Maisha ya David Livingstone

Soma kwa ajili ya somo hili: 1 Wafalme 19:1–8, Marko 6:30–32, 2 Wakorintho 12:7–10.

Nje kidogo ya Mji Mkongwe wa Unguja, upande wa kuelekea Bububu, ipo nyumba ya zamani ijulikanayo kama Nyumba ya Livingstone. Hapo ndipo Sultani Majid alipomkaribisha daktari na mmisionari David Livingstone, alipofika kutoka Bombay mwezi Januari 1866. Kwa wiki saba hivi alikusanya watu, wanyama wa mizigo na vifaa. Alikwenda pia kwenye soko la watumwa, akaona watu wapatao 300 wamewekwa wauzwe, wengi wao wakitoka pande za Ziwa Nyasa. Tarehe 19 Machi, siku alipotimiza miaka 53, aliondoka Unguja kuelekea mto Ruvuma. Hakurudi tena akiwa hai.

Tunamkumbuka kwa safari zake. Leo tutazame jambo lisilosemwa sana: safari hizo alizifanya katika mwili uliokuwa ukiuma. Wengi katika madarasa yetu wanalijua jambo hili. Mgongo unakaza kila mzigo wa kazi unapoongezeka. Kichwa au tumbo linaanza tena kila matatizo ya nyumbani yanaporudi. Je, kuyapuuza maumivu hayo ndiyo imani?

Kazi kwanza, mwili baadaye

Livingstone alizaliwa mwaka 1813 Blantyre, Scotland, katika familia maskini. Akiwa na miaka 10 aliajiriwa katika kiwanda cha pamba. Aliingia kazini saa 12 asubuhi na kutoka saa 2 usiku, kisha akaenda darasani. Mwaka 1840 alihitimu udaktari, na mwaka 1841 akafika Afrika Kusini.

Mwaka 1844, huko Mabotsa, simba alimrukia na kuuvunja mfupa wa mkono wake wa kushoto. Mfupa haukuunga vizuri, akabaki na udhaifu wa mkono huo hadi kufa. Mwaka 1862 mkewe, Mary, alifariki kwa homa kando ya mto Zambezi. Kisha alipokuwa Uingereza, kabla ya kuja Unguja, alishauriwa afanyiwe upasuaji wa bawasiri iliyokuwa ikimtoa damu. Alikataa. Yeye aliyewatibu wengine aliuacha mwili wake mwenyewe usubiri.

Moyo unapoumia, mwili huuma

Januari 1867 watoro waliondoka na sanduku lake la dawa. Tangu hapo homa na maradhi ya tumbo yalimjia mara kwa mara. Mwaka 1869 aliugua mapafu, akaokolewa na mfanyabiashara Mwarabu, Muhammad Bogharib, aliyempa dawa na kuagiza abebwe kitandani. Mwaka 1870, katika nchi ya Manyema, mashariki mwa Kongo, vidonda vya miguu vilimfungia ndani ya kibanda kwa siku 80 hivi. Katika kukaa kwake Manyema aliisoma Biblia yote mara nne.

Pigo kubwa lilikuja Julai 1871. Huko Nyangwe, mbele ya macho yake, watu wa wafanyabiashara ya watumwa waliwafyatulia risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake. Mamia walikufa, wengine kwa kuzama mtoni. Akageuka kurudi Ujiji. Aliandika baadaye kwamba karibu kila hatua ya njia ile ilikuwa maumivu, na hamu ya chakula ilimtoka. Akiwa daktari aliitambua na sababu: huzuni ya moyo ilikuwa imeushukia mwili. Alipofika Ujiji alikuta mali aliyoletewa kutoka Unguja imeuzwa na mtu aliyekabidhiwa.

Hali ikabadilika ghafla. Henry Stanley, aliyeanzisha msafara wake Unguja, alimkuta Ujiji mwishoni mwa mwaka huo, akiwa na chakula, dawa na barua. Livingstone aliyekuwa akila mara mbili kwa siku akaanza kula mara nne. Alipata mtu wa kuzungumza naye. Nguvu zikarudi upesi, na muda si mrefu wawili hao walikuwa ndani ya mtumbwi wakielekea kaskazini mwa Ziwa Tanganyika.

Hapa tunamkumbuka Eliya chini ya mretemu. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimpa usingizi, mkate na maji, tena mara mbili, ndipo safari ikaendelea. Madaktari nao hutueleza kwamba msongo wa muda mrefu hukaza misuli, huvuruga usingizi, na huufanya ubongo uyasikie maumivu kwa ukali zaidi. Maumivu hayo ni ya kweli, anayeyapata hajifanyi.

Kazi iliyozaa matunda

Stanley alimsihi arudi kwao apumzike na kutibiwa. Alikataa. Agosti 1872 aliondoka Tabora kutafuta chanzo cha mto Nile, akaingia katika mabwawa ya Bangweulu wakati wa mvua huku akitokwa damu. Mwishowe alibebwa, na mwanzoni mwa Mei 1873 akafariki katika kijiji cha Chitambo. Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake hapo, wakaubeba mwili hadi Bagamoyo, ukapita Unguja na kufika Uingereza mwaka 1874. Huko ulitambuliwa kwa ule mfupa wa mkono wa kushoto.

Chanzo cha Nile hakikuwa kule alikokitafuta. Lakini habari za Nyangwe, alizoziandika na ambazo Stanley alizipeleka Ulaya, zilichochea watu dhidi ya biashara ya watumwa. Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba uliolifunga soko la Unguja. Leo mahali pa soko lile, Mkunazini, lipo kanisa kuu la Anglikana, na ndani yake msalaba wa mbao za mti wa kijiji cha Chitambo.

Tafakari hili: barua zile hazikuandikwa mabwawani. Ziliandikwa Ujiji, katika wiki za kula, kupumzika na kuzungumza na rafiki. Pumziko halikuiibia kazi ya Mungu kitu. Lilikuwa sehemu yake. Kwa sababu hiyo Yesu aliwaita wanafunzi wake wajitenge wapumzike kidogo, na kwa sababu hiyo tumepewa Sabato kila juma. Paulo hakuondolewa mwiba wake, bali alipewa neema ya kutosha. Neema hiyo mara nyingi hutufikia kwa mkono wa daktari, sahani ya chakula, usingizi, au ndugu anayetubebea mzigo.

Maswali ya kujadili

1. Maumivu yako hurudi wakati gani? Andika kwa juma moja siku, kazi na usingizi wako, kisha zungumza na mhudumu wa afya.

2. Kuna tofauti gani kati ya kuvumilia kwa imani na kukataa msaada?

3. Ni nani katika darasa lenu amebeba majukumu mengi kuliko nguvu zake? Mtampunguzia lipi kabla ya Sabato ijayo?