Ngongo Lutete na hukumu ya Ngandu

Wazee wa Kindu wanalijua jina la Ngongo Lutete. Vijana wanaoenda kuchimba Kalima, Punia ao Namoya, wengi wamelisikia tu bila kujua mutu mwenyewe. Tunaandika maisha yake sababu kila mara redio inatangaza kwamba mataifa yamekutana, yamesaini mukataba mupya juu ya wahamaji na haki za binadamu. Yeye aliishi wakati mukataba mumoja wa namna hiyo ulipofika huku kwetu Maniema, na ulifika na bunduki.

Alikamatwa angali mutoto, akaingia mikononi mwa wafanyabiashara waliotoka pwani. Alikulia utumwani. Ujasiri wake katika vita ukamupatia uhuru, kisha Tippu Tip akamufanya mukubwa wa askari, akakaa Ngandu, pembeni ya muto Lomami. Tusifiche kitu: mutoto aliyekamatwa alikuwa sasa mukamataji. Watu wake walichoma vijiji, na pembe za tembo pamoja na mateka vikapelekwa Nyangwe na Kasongo. Mama aliyetembea na mutoto mugongoni na muzigo kichwani hakupata faida yoyote kujua kama bwana wa vita naye alikuwaka mutumwa zamani.

Wakati uleule, kule Brussels, mataifa 17 yalikaa mezani tangu Novemba 1889. Walikuwako Wazungu, Wamarekani, Waturuki, Waajemi, hata Zanzibar. Tarehe 2 Julai 1890 wakasaini: njia za watumwa zifungwe, silaha na pombe kali zipunguzwe. Maneno mazuri kabisa. Lakini chifu wa Lualaba ao wa Lomami hakuitwa hata mumoja. Na mfalme Leopold wa Pili akapata pale kitu alichokitafuta sana, ruhusa ya kutoza ushuru juu ya vitu vinavyoingia Kongo, jambo ambalo mukutano wa Berlin wa 1885 ulikataza. Kukomboa watumwa na kutafuta pembe vikapanda mutumbwi mumoja.

Mwaka 1892 askari wa Leta, chini ya ofisa Dhanis, wakamushinda Ngongo. Mwezi wa Septemba akageuka, akawa upande wao. Sefu, mutoto wa Tippu Tip, akadai apewe yule mutu. Leta ikakataa, vita ikawaka. Sisi tunaona wazi kwamba bila Ngongo Dhanis hangefika mbali: askari wake wa kawaida walikuwa wachache, na Ngongo alileta maelfu ya watu wanaojua nchi, wanaojua vivuko na vyakula. Nyangwe ilianguka tarehe 4 Machi 1893, Kasongo tarehe 22 Aprili.

Kisha wakamushitaki. Maofisa vijana waliobaki Ngandu walisikia maneno kwamba anapanga usaliti. Wakamufunga, wakafanya baraza la vita la haraka, wao wenyewe washitaki, wao wenyewe waamuzi. Munganga Mwingereza, Hinde, aliyekuwa katika vita ile, alitumwa kwenda kuzuia jambo lile. Akafika wakati limekwisha. Yeye ndiye aliyeandika kwamba Ngongo alijaribu kujinyonga ndani ya kifungo, wakamukata kamba, wakamurudishia pumzi, halafu wakamupiga risasi. Ilikuwa tarehe 15 Septemba 1893. Ule mukataba wa Brussels ulikuwa na miaka mitatu tu, na katika karatasi zake zote mutu kama yeye hakuwa na mahali pa kupeleka mashitaka.

Na wale waliokombolewa? Wengi hawakurudi kwao. Leta iliwatia jeshini ao kazini kwa miaka mingi, ikiwaita watu huru, na wakapelekwa mbali na kwao. Askari wa Ngongo wenyewe walihamishwa Luluabourg. Walikuwa hawajasahau. Tarehe 4 Julai 1895 waliasi, wakamuua mukubwa wa kambi, Kapiteni Pelzer, wakashika njia ya kurudi upande wa Lomami. Leta iliwaita wote Batetela, ingawa ndani yao mulikuwa pia Wasonge, Wakusu na Waluba. Ilichukua miaka kuwatuliza.