Antoni Abate na dada aliyemwacha

Kila tarehe 17 Januari Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Antoni Abate, aliyezaliwa Misri mnamo mwaka 251. Wazazi wake walifariki akiwa kijana wa miaka ipatayo 20, wakamwachia mashamba makubwa na dada mdogo. Aliposikia kanisani Injili ya kijana tajiri, aliwagawia wanakijiji mashamba, akawapa maskini fedha, na dada yake akamkabidhi kwa mabikira waaminifu. Hapo ndipo penye ugumu, na wahubiri wengi tunapapita haraka: binti yatima aliachwa na kaka baada ya kufiwa na wazazi, wala hatuambiwi kama aliulizwa.

Antoni aliishi makaburini, kisha akajifungia jangwani, katika ngome iliyohamwa, kwa miaka kama 20. Mbinafsi angebaki humo. Yeye alitoka, akawa baba wa wakaapweke wengi. Mwaka 311, wakati wa dhuluma ya Maksimino, alishuka Aleksandria kuwahudumia waungamadini magerezani na migodini, akisimama wazi mbele ya hakimu. Uzeeni alirudi tena mjini kuwapinga Waario. Hata mlimani, upande wa Bahari ya Shamu, alilima ngano asiwalemee waliomletea mkate, na mboga kwa ajili ya wageni.

Alifariki mwaka 356. Mtakatifu Athanasi anasimulia kwamba kabla ya hapo Antoni alimwona tena dada yake, amezeeka katika ubikira, naye akiwaongoza mabikira wenzake. Antoni alifurahi. Jina la dada huyo halikuandikwa.