Robert Koch: Tabibu wa Berlin aliyesaka vijidudu Usambara

JINA la Robert Koch hufahamika zaidi kwa kifua kikuu, maradhi ambayo alitangaza kugundua kijidudu chake mjini Berlin, Machi 24, 1882. Ni wachache wanaokumbuka kwamba Mjerumani huyo, aliyezaliwa Clausthal Desemba 11, 1843, aliwahi kuinamia hadubini yake katika milima ya Usambara.

Alifika Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza kati ya mwaka 1897 na 1898, nchi ikiwa koloni la Wajerumani. Usambara alikuta jambo la kushangaza. Wenyeji walioshuka bondeni na kurejea na homa waliiita homa hiyo mbu, jina lile lile la mdudu aliyewauma. Walikuwa wamekwisha kuunganisha mambo mawili ambayo mabingwa wa Ulaya walikuwa bado wakiyabishania. Koch aliliandika hilo katika taarifa zake, ingawa sifa, kama ilivyo kawaida, haikwenda kwa watu wa milimani.

Mwaka 1906 alirejea, safari hii akiwa na Tuzo ya Nobel aliyotunukiwa mwaka uliotangulia. Alianzia Amani, katika Wilaya ya Muheza ya leo, kwenye taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1902. Hapo alichunguza mbung'o na vijidudu wanavyobeba, viitwavyo tripanosoma.

Kazi ngumu ilikuwa kuvitofautisha. Vijidudu vya nagana, ugonjwa wa ng'ombe, na vile vya malale, vinavyoua binadamu, hufanana mno vikitazamwa kwa hadubini. Atakayekosea kuvitenga hatajua kama mifugo na wanyama wa porini wanahifadhi maradhi ya watu. Koch alikwisha kueleza mwaka 1904 kwamba umbo pekee halitoshi. Alivigawa katika makundi mawili, vyenye tabia thabiti na vyenye kubadilika, akipima pia ukali wake na wanyama vinavyowashambulia.

Kutoka Amani alielekea visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, upande wa Uganda, ambako malale yalikuwa yakiteketeza vijiji. Wagonjwa walimiminika kambini kwake. Aliwachoma sindano za atoksili, dawa yenye aseniki, na mwanzoni wengi walipata nafuu, hata waliokuwa hawajiwezi. Ugonjwa ulipowarudia, dozi zikaongezwa. Zaidi ya wagonjwa 20 walipofuka, wasione tena. Habari hiyo haipendezi kando ya masanamu na mitaa iliyopewa jina lake, lakini ni sehemu ya maisha yake.

Koch alifariki dunia Baden-Baden, Mei 27, 1910. Mwaka huo huo, watafiti wa Liverpool walitangaza aina nyingine ya vijidudu vya malale, ile ya mashariki na kusini mwa Afrika, inayoua haraka kuliko ya magharibi. Siku hizi aina hizo mbili hutenganishwa kwa vinasaba. Kwa hadubini bado ni kama mapacha.